Tuzo za hadithi za kesho: nani anapiga kura, nani anaandikwa

Kila mwaka, mara nyingi mwezi wa nane, wasomaji elfu kadhaa hukutana katika mji mmoja wa dunia ili kutangaza riwaya iliyo bora kati ya zile zinazosimulia mambo ambayo hayajatokea: safari za kwenda kwenye nyota, falme ambazo haziko kwenye ramani yoyote, mashine zinazofikiri, wafu wanaosema na walio hai. Mshindi hapewi pesa. Anapewa sanamu ya roketi inayong'aa, na jina lake linaingia kwenye orodha iliyoanza mwaka 1953. Tuzo hiyo inaitwa Hugo. Kando yake kuna nyingine mbili kubwa: Nebula, inayotolewa na waandishi wenyewe, na World Fantasy, tuzo ya dunia ya hadithi za maajabu.

Kwa familia inayolala chini ya hema, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali sana. Hata hivyo, historia ya tuzo hizi inagusa Kongo na majirani zake mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Riwaya moja iliyofika fainali inasimulia Kongo ya mfalme Leopold wa Pili na mikono iliyokatwa. Nyingine iliyoshinda iliandikwa Yambio, ng'ambo tu ya mpaka wa Haut-Uele. Nyingine tena ilizaliwa kutokana na yaliyowapata wanawake wa Darfur, mambo ambayo wanawake wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa. Na katika historia hiyo yote kuna swali ambalo kila aliyewahi kukimbia makwao analijua: yakitupata, nani atayasimulia, na nani ataamua kama masimulizi hayo yana thamani?

Roketi ya Philadelphia

Jina la Hugo linatoka kwa Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani akiwa kijana mwaka 1904. Alikuwa mtu wa redio. Aliuza vifaa vya redio, akaanzisha kituo cha redio mjini New York, na mwezi wa nne mwaka 1926 akatoa Amazing Stories, jarida la kwanza lililochapisha hadithi za kisayansi tu. Katika kurasa za barua alichapisha majina ya wasomaji pamoja na anwani zao. Kwa njia hiyo watu waliokuwa wakisoma kila mmoja peke yake walianza kuandikiana, kisha wakaunda vikundi, na mwaka 1939 wakafanya mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini New York. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha mikutano hiyo kuanzia 1942 hadi 1945, kisha ikaendelea.

Katika mkutano wa mwaka 1953 mjini Philadelphia, waandalizi waliamua kutoa tuzo. Riwaya ya kwanza kushinda ilikuwa The Demolished Man ya Alfred Bester, hadithi ya tajiri anayepanga kuua katika dunia ambamo polisi wanaweza kusoma mawazo ya mtu. Mwaka uliofuata tuzo haikutolewa. Ilirudi mwaka 1955, na tangu hapo haijakosa hata mwaka mmoja.

Namna ya kupiga kura ndiyo iliyozaa sifa nyingi na ugomvi mwingi wa tuzo hii. Hakuna wazee wa kamati wanaojifungia chumbani. Yeyote anayelipa ada ya uanachama wa mkutano wa mwaka huo, takriban dola 50 kwa asiyeweza kusafiri, anaruhusiwa kupendekeza vitabu, halafu kupiga kura. Kura yenyewe ni ya kupanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kitabu chenye kura chache kabisa kinaondolewa, na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura, mpaka mmoja apate wingi. Tena kwenye karatasi kuna mstari usemao kwamba hakuna anayestahili tuzo. Mstari huo ukishinda, roketi haitolewi.

Nebula ilikuja baadaye. Mwaka 1965 waandishi wa hadithi hizo huko Marekani waliunda chama chao, na mwaka 1966 wakatoa tuzo yao ya kwanza kwa Frank Herbert, mwandishi wa Dune. Hapo wanaopiga kura ni waandishi wanachama. World Fantasy ilianza mwaka 1975 mjini Providence, na washindi wake huchaguliwa na waamuzi wanaobadilishwa kila mwaka.

Milango hiyo mitatu, wa wasomaji, wa waandishi na wa waamuzi, ilikuwa na jambo moja lililofanana. Kwa miaka mingi waliopita humo walikuwa karibu wote wanaume weupe wa Marekani na Uingereza.

Waliosubiri mlangoni

Mwanamke wa kwanza kupata Hugo ya riwaya alikuwa Ursula K. Le Guin, mwaka 1970, kwa The Left Hand of Darkness. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu Philadelphia.

Kwa waandishi weusi subira ilikuwa ndefu zaidi. Samuel R. Delany, kijana wa Harlem mjini New York, alipata Nebula mbili mfululizo, ya riwaya ya mwaka 1966 na ya mwaka 1967, akiwa bado katika umri wa miaka ya ishirini. Waandishi wenzake walikuwa wameona kipaji chake. Lakini kadiri Delany mwenyewe alivyokuja kueleza, alipotaka riwaya yake Nova ichapishwe kwa sehemu jaridani, mhariri John W. Campbell alikataa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wasomaji wasingemkubali mhusika mkuu mweusi. Campbell hakuwa mtu mdogo. Aliongoza jarida la Astounding kwa zaidi ya miaka 30, na alipofariki mwaka 1971 jina lake lilitolewa kwa tuzo ya mwandishi mpya.

Octavia Butler, mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani wa California, alipata Hugo mwaka 1984 na tena mwaka 1985, zote kwa hadithi fupi. Baadaye alipata Nebula kwa riwaya yake Parable of the Talents. Hugo ya riwaya haikumfikia. Alifariki mwaka 2006.

Afrika ya wageni

Neno la Kiswahili liliingia katika ulimwengu huu kabla ya mwandishi wa Kiswahili. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, na ndani yake alikuwemo afisa wa mawasiliano mweusi, mwanamke, aliyeitwa Uhura. Jina hilo lilitokana na neno uhuru. Vipindi vya mfululizo huo vilipata Hugo za maonyesho mwaka 1967 na 1968. Mamilioni ya watu walilitaja neno hilo bila kujua lilikotoka.

Baadaye ikaja Afrika nzima, ikiletwa na mgeni. Mike Resnick, mwandishi wa Chicago aliyeipenda Kenya na kuitembelea mara nyingi, alishinda Hugo mwaka 1989 kwa hadithi iitwayo Kirinyaga, jina la zamani la Mlima Kenya. Ndani yake, kikundi cha Wakikuyu kinahamia kwenye sayari ndogo ili kuishi kama mababu walivyoishi. Anayewaongoza ni Koriba, mganga aliyesoma ng'ambo na ambaye sasa anakataa kila kitu cha kigeni. Resnick alipata Hugo nyingine mwaka 1991 na nyingine mwaka 1995, zote kwa hadithi zenye mizizi Afrika Mashariki.

Hadithi yake moja ya mfululizo huo iliyofika fainali inamhusu Kamari, msichana mdogo mwenye akili anayetamani kusoma. Koriba anamkataza, kwa sababu katika sheria yake mwanamke hasomi. Kamari anatafuta njia zake, anakamatwa, na mwisho anajiua. Hadithi hiyo inaumiza, na Resnick aliiandika ili iumize. Hata hivyo msomaji wa huku ana haki ya kuona jinsi mambo yalivyopangwa. Katika miaka hiyo jina la Kikuyu liliweza kushinda, mradi kalamu iwe mkononi mwa mtu wa Chicago. Waliohesabu kura, waliopiga kura na waliopiga makofi ukumbini hawakuwa Wakikuyu.

Kichwa juu ya kabati

Mwaka 2011 tuzo ya World Fantasy ya riwaya ilikwenda kwa Nnedi Okorafor, mwanamke aliyezaliwa Marekani na wazazi Waigbo kutoka Nigeria. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata tangu ilipoanza mwaka 1975. Kitabu chake ni Who Fears Death, yaani Nani Anaogopa Kifo, ambalo ndilo jina la msichana mhusika kwa Kiigbo: Onyesonwu.

Okorafor amesema kwamba makala ya mwaka 2004 katika gazeti la Washington Post ilichangia kuzaliwa kwa kitabu hicho. Makala hiyo ilieleza jinsi wanamgambo wa Darfur walivyotumia ubakaji kama silaha ya vita. Riwaya imewekwa katika Sudan ya siku zijazo. Onyesonwu alizaliwa kutokana na ubakaji wa aina hiyo. Watu wanamjua kwa rangi ya ngozi yake, wanamkwepa, wanasema mtoto wa namna hiyo ataleta balaa. Mama yake alimzaa jangwani na kumlea peke yake kabla ya kurudi kati ya watu. Yeyote aliyewahi kusikia mama akieleza jinsi jirani walivyomwita mtoto wake jina la adui ataielewa riwaya hii bila mwalimu. Tofauti na ripoti nyingi za vita, kitabu hakiishii kwenye jeraha. Msichana anajifunza uganga, anakuwa na nguvu, na anakwenda kumtafuta aliyesababisha maovu.

Halafu likaja jambo la sanamu. Tuzo yenyewe ilikuwa kichwa cha H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha wa Providence aliyefariki mwaka 1937. Okorafor alikipokea kichwa hicho, akakiweka nyumbani. Kisha rafiki alimwonyesha shairi ambalo Lovecraft aliandika mwaka 1912, shairi la kuwadharau watu weusi kwa maneno machafu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2011 Okorafor aliandika hadharani juu ya hali hiyo: heshima kubwa kabisa ya kazi yake ilikuwa uso wa mtu ambaye asingemhesabu kuwa mtu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2014, tuzo hiyo hiyo ilikwenda kwa Sofia Samatar. Baba yake alikuwa Said Samatar, mwanahistoria Msomali. Akiwa bado na kichwa hicho mkononi, Samatar aliwaambia watu ukumbini kwamba asingeweza kurudi kuketi bila kutaja tatizo la sanamu ile. Mwaka 2015 waandalizi walitangaza kuwa kichwa cha Lovecraft hakitatolewa tena. Leo tuzo ni sanamu ya mti, na mwezi nyuma ya matawi yake.

Riwaya ya Samatar, A Stranger in Olondria, ilizaliwa Yambio. Alikwenda huko kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, wakati Sudan ya Kusini ilikuwa bado vitani na serikali ya Khartoum. Yambio ni mji wa Wazande, na Wazande wako pande zote mbili za mpaka. Miaka michache baadaye, waasi wa LRA waliposhambulia Dungu na Doruma kuanzia mwaka 2008, Wakongomani wengi walikimbilia upande huo huo, na kambi ya Makpandu ikafunguliwa karibu na Yambio kwa ajili yao. Samatar aliandika rasimu ya kwanza huko, akaifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi, na kitabu kikatoka mwaka 2013.

Kinasimulia habari za Jevick, mtoto wa mfanyabiashara wa pilipili katika visiwa ambavyo watu wake hawana maandishi. Mwalimu mgeni anamfundisha kusoma, na kijana anavipenda vitabu kuliko kitu chochote. Anaposafiri kwenda Olondria, nchi ya vitabu, melini anakutana na Jissavet, msichana wa kwao, mgonjwa, asiyejua kusoma. Jissavet anafariki, na roho yake inamwandama Jevick. Inamwamsha usiku, inamtesa mpaka watu wanadhani ana wazimu. Inataka kitu kimoja: aandike kitabu cha maisha yake.

Kamari alikatazwa kusoma akafa. Jissavet alikufa bila kusoma, lakini akarudi kudai aandikwe. Miaka 25 inatenganisha ushindi wa Kirinyaga na ushindi wa Olondria, na wasichana hao wawili wanaonyesha kilichobadilika katikati. Zamani mwandishi aliamua kinachomfaa msichana. Katika Olondria msichana anampa mwandishi amri, na sehemu ya kitabu ni sauti yake mwenyewe.

Kongo ambayo haikuwa

Mwaka 2016 Nisi Shawl, mwandishi mweusi wa Marekani, alitoa riwaya iitwayo Everfair. Mwaka uliofuata ilikuwa kati ya vitabu vitano vya fainali ya Nebula. Haikushinda, tuzo ilikwenda kwa All the Birds in the Sky ya Charlie Jane Anders. Lakini kwa mara moja Kongo ilikuwa mezani.

Historia ya kweli inajulikana. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo yote ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme wa Ubelgiji ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa porini. Walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa kama dhamana, na mikono ya wengine ilikatwa. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyefika na kuona kwa macho yake, alimwandikia Leopold barua ya wazi ya kumshitaki. Mwaka 1904 Edmund Morel aliunda chama cha kutetea Kongo huko Uingereza, na picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris zikaonyesha dunia mikono hiyo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji.

Shawl anauliza: ingekuwaje kama kabla ya hapo watu fulani wangenunua ardhi kutoka kwa Leopold na kuifanya kimbilio? Katika riwaya yake, wanasoshalisti wa Uingereza wanaungana na wamisionari weusi wa Marekani na kuanzisha nchi mpya, Everfair, kwa wale wanaotoroka mateso ya mpira. Kuna ndege za puto zinazoelea juu ya msitu. Kuna fundi kutoka Macao anayetengeneza mikono ya chuma kwa waliokatwa, na msichana aliyepata mkono wa namna hiyo anakuwa mpelelezi hodari.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba hakiwafanyi wakombozi kuwa malaika. Mfalme Mwenda, mwenye nchi, anauliza swali ambalo wageni hao wema hawakulifikiria: Leopold aliwauzia kitu gani, wakati ardhi haikuwa yake? Wanakuja kusaidia, wanajenga, wanafundisha, wanakufa pamoja na wenyeji katika vita, na bado wanaketi katika uwanja wa mtu mwingine. Katika mashariki mwa Kongo, ambako watu wanarudi vijijini na kukuta shamba limepata mwenye karatasi mpya, swali la Mwenda si la kubuni.

Hata hapo, mwandishi ni Mmarekani. Shawl alifanya utafiti mwingi na kuwapa Wakongomani wa riwaya yake akili, hila na mamlaka. Lakini Mkongomani mwenyewe bado hajawahi kushinda tuzo ya riwaya katika Hugo, Nebula au World Fantasy.

Begi lililo tayari

Mabadiliko hayo hayakuwafurahisha wote. Mwaka 2015 kundi la waandishi na wasomaji walidai kuwa Hugo imetekwa na siasa, kwamba watu wanapigiwa kura kwa ajili ya rangi au jinsia yao. Waliandaa orodha, wakawaambia wafuasi wao walipe ada na kuipendekeza nzima. Orodha yao ikajaza nafasi nyingi za fainali. Wasomaji wengine walikasirika, nao wakalipa ada. Kura halali za mwisho zilifika 5,950, idadi ambayo haikuwahi kuonekana, na katika makundi matano ya tuzo mstari usemao kwamba hakuna anayestahili ndio ulioshinda. Roketi za makundi hayo hazikutolewa. Mwaka huo huo Hugo ya riwaya ilikwenda kwa The Three-Body Problem ya Liu Cixin wa China, kitabu cha kwanza cha kutafsiriwa kushinda.

Mwaka 2016, mjini Kansas City, Nnedi Okorafor alipata Hugo kwa riwaya fupi iitwayo Binti. Neno ni letu, ingawa msichana wa hadithi ni Mhimba wa Namibia. Usiku huo huo N. K. Jemisin alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kupata Hugo ya riwaya, kwa The Fifth Season. Mwaka 2017 alishinda tena kwa kitabu cha pili cha mfululizo huo, na mwaka 2018 kwa cha tatu. Mtu kushinda miaka mitatu mfululizo halikuwahi kutokea kwa yeyote, mweusi wala mweupe.

Dunia ya Jemisin ni bara ambalo ardhi yake haitulii. Kila baada ya muda linapasuka, majivu yanafunika jua, na msimu wa njaa unaweza kudumu miaka. Kwa hiyo kila mtu ana begi lililo tayari karibu na mlango, lenye chakula, maji na kitu cha kuwashia moto. Wakaaji wa Goma, walioukimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 na tena mwezi wa tano 2021, wanajua begi hilo lina nini. Mhusika mkuu ni Essun, mama ambaye mume wake amemwua mtoto wao mdogo na kuondoka na binti yao. Anashika barabara kumtafuta, katikati ya msafara wa wakimbizi, huku majivu yakianguka. Njiani vijiji vinafunga malango, na mgeni anapimwa kwanza: ana faida gani kwetu? Essun pia ni wa jamii yenye uwezo wa kutuliza tetemeko la ardhi. Watu wanawahitaji, na kwa sababu hiyo hiyo wanawaogopa, wanawafunga na kuwaua.

Mwaka 2019 jina la Campbell nalo liliondoka. Mjini Dublin, Jeannette Ng, mzaliwa wa Hong Kong aliyepata tuzo ya mwandishi mpya, alimwita Campbell mfashisti akiwa jukwaani. Siku chache baadaye tuzo ilibadilishwa jina.

Kura na viza

Haingekuwa kweli kusema kwamba hadithi imeishia kwenye ushindi. Mwezi wa kumi 2023 mkutano ulifanyika Chengdu, China. Takwimu za kura zilipotoka mwezi wa kwanza 2024, watu waligundua kuwa Babel ya R. F. Kuang, riwaya iliyokuwa imepata Nebula mwaka huo huo, ilipendekezwa na wengi lakini iliondolewa kwa maneno kwamba haistahili, bila sababu. Mwezi uliofuata barua pepe zilizovuja zilionyesha wasimamizi kutoka nchi za magharibi wakichunguza waandishi walioandika au kusema mambo ambayo yangeweza kuikera serikali ya China. Hakuna askari aliyewashikia bunduki. Walijikagua wenyewe.

Mwaka 2024 mkutano wa Glasgow ulichukua njia nyingine. Wasimamizi walikuta kura 377 zenye dalili za udanganyifu, nyingine zikiwa na majina yaliyofanana isipokuwa herufi moja. Walizifuta na kutangaza hadharani kabla ya matokeo. Raia wa Kongo anayejua uchaguzi hahitaji kuelezwa tofauti ya miaka hiyo miwili.

Kuna pia mlango ambao kura haiufungui. Mwaka 2022 Oghenechovwe Donald Ekpeki wa Nigeria, aliyekuwa ametoka kupata Nebula kwa hadithi yake O2 Arena, alikuwa kwenye fainali za Hugo mjini Chicago. Ombi lake la viza ya Marekani lilikataliwa. Na mkutano huo wa dunia, tangu 1939, haujawahi kufanyika hata mara moja barani Afrika.

Meza yetu wenyewe

Waandishi wa Kiafrika hawakungoja. Mwaka 2016 waliunda chama chao cha hadithi za namna hii, na mwaka 2017 wakatoa tuzo yao ya kwanza, Nommo, jina lililotoka kwa mapacha wa asili ya dunia katika imani ya Wadogon wa Mali. Wanaopiga kura ni Waafrika. Riwaya ya kwanza kushinda ilikuwa Rosewater ya Tade Thompson, kuhusu mji wa Nigeria uliokua kuzunguka kiumbe kilichotoka angani. Miaka miwili baadaye kitabu hicho kilipata tuzo ya Arthur C. Clarke huko Uingereza. Safari hii Waafrika walikichagua kwanza, London ikafuata.

Kwa upande wa Kiswahili, tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 na ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Riwaya za ulimwengu uliovunjika haziko ngeni katika lugha hii: Euphrase Kezilahabi wa Tanzania aliandika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Hugo ilikuwa bado mikononi mwa akina Resnick.

Sheria ya Hugo yenyewe haidai Kiingereza. Kitabu cha lugha yoyote kinaruhusiwa, na kikitafsiriwa kinapata nafasi ya pili. Hivyo ndivyo Liu Cixin alivyoshinda mwaka 2015 kwa riwaya iliyotoka kwa Kichina mwaka 2008. Kwa Kiswahili hakijapita hata kimoja. Kinachohitajika kinaweza kuhesabiwa kwa vidole: mtu wa kuandika, mchapishaji wa kukitoa, mtafsiri wa kukivusha, na wasomaji wa kukipigia kura. Masimulizi yenyewe hayakosekani. Kila jioni, kambini na vijijini, kuna mama anayewasimulia watoto kijiji ambacho wao hawakukiona, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti, hadi usingizi uwachukue.